Sukari Ikishuka, Moyo Nao Unaumia

Kona ya kisukari: maswali yenu ya mwezi huu

Barua nyingi zilizokuja ni za sukari kupanda kama kawaida, ila mwezi huu naziweka pembeni kidogo kwa sababu zimekuja kadhaa za sukari kushuka, na karibu zote zinagusa moyo, jambo ambalo hata huko kliniki hatuliongelei vya kutosha. Naanza na ya Tanga, ni ndefu ila nimeiacha karibu yote ilivyo.

SWALI: Shikamoo sista. Baba yangu ana miaka 71, ana kisukari mwaka wa 14 huu na presha pia, anatumia dawa za sukari, Daonil asubuhi na jioni na metformini, halafu atenololi ya presha. Wiki tatu zilizopita saa nane usiku mama akasikia kitanda kimelowa akadhani mzee kajikojolea, kumshika kumbe ni jasho, shati lote chapachapa, mwili wa baridi, anaongea vitu havieleweki, anamuita mama jina la dada yake marehemu. Sisi tukajua ni moyo au kapooza, jirani akasema tumsomee kwanza. Tukamkimbiza hospitali na bajaji, kupimwa sukari ni 2.1, wakamwekea sukari kwa mshipa akaamka palepale kama vile hakuna kilichotokea, asubuhi tukaruhusiwa. Jioni ya siku hiyohiyo akaanza tena, 2.8. Safari hii wakamlaza, na kipimo cha umeme wa moyo kikaonyesha mapigo hayaendi sawa. Kinachonichanganya ni kwamba mzee anajitunza kweli, daftari lake lote ni 4 na kitu, tulikuwa tunampongeza. Sasa sukari kushuka na moyo vinahusiana vipi? Na kwanini ilirudi wakati walishaipandisha?
Mtoto wa pili, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu, poleni sana wewe na mama, kuamka usiku ukamkuta mwenzio amelowa na hakutambui ni kitu cha kutisha na hakisahauliki upesi. Mzee amshukuru mama, maana wengine hawashtukiwi mpaka asubuhi.

Niruhusu nianze na daftari kwa sababu ndo limenikaa moyoni. Miaka ya nyuma pale kliniki nilikuwa na mzee anakuja na daftari la shule la mistari, binti yake kamchorea safu za asubuhi, mchana na usiku, na kila sukari iliyokuwa chini ya 5 alikuwa anaizungushia kwa peni nyekundu na pembeni anaandika "safi baba". 4.4, 4.1, 3.8, 3.6. Nayakumbuka vizuri kwa sababu na mimi niliweka tiki chini ya ukurasa nikamwambia mzee endelea hivohivo. Mwezi uliofuata aliletwa amebebwa. Alipona, namshukuru Mungu, ila tangu siku ile nikiona daftari la mtu wa miaka 70 anayetumia insulini au vidonge vya aina ya Daonil limejaa 4 tupu sipongezi, nashtuka. Maana mtu anayeishi kwenye 4 kwa nguvu ya dawa, akikosa mlo mmoja tu au akishika jembe saa moja zaidi ya kawaida yake, tayari yuko kwenye 2.

Mpaka wenyewe ni huu: chini ya 3.9 sukari imeshuka na inatakiwa ushughulike, chini ya 3.0 ni hatari, na pale mtu anapofika hawezi kujisaidia mpaka mwingine amsaidie, kama baba yako, huko ni kushuka kukali hata kama mashine hamkuwa nayo. Kama mashine yenu inasoma namba kubwa kama 54 au 70 (mg/dL) msichanganyikiwe, gawanyeni kwa 18 mtapata hizi zetu (mmol/L).

Sasa moyo. Ubongo unakula sukari ya kwenye damu dakika kwa dakika na wenyewe hauna akiba ya maana, kwa hiyo sukari ikishuka ndo mtu anaanza kuchanganya majina. Mwili ukiona hivo unamwaga adrenalini, ileile inayotoka ukikurupushwa na mbwa, na hapo moyo unaenda mbio, presha ya juu inapanda, jasho linatoka, mikono inatetemeka. Kijana mwenye mishipa mizima anapita salama mara nyingi, lakini mtu mzima mwenye kisukari cha miaka 14 mishipa yake ya moyo huenda imeshaanza kuwa myembamba ndani, kwa hiyo moyo unadaiwa kazi kubwa ghafla wakati damu inayoufikia wenyewe ni ndogo. Na siyo mbio tu. Insulini na adrenalini zinasukuma potasiamu itoke kwenye damu iingie ndani ya chembechembe za mwili, na hiyo potasiamu ndo moja ya vitu vinavyofanya umeme wa moyo uende kwa mpangilio, ikipungua ghafla moyo unachelewa kujipanga upya baada ya kila pigo, na hapo ndo mapigo yanaruka au yanapoteza njia. Damu nayo inakuwa rahisi kuganda maana zile chembe sahani, chembe za damu zinazoanzisha kuganda, zinanatana kirahisi. Kwa hiyo yale mliyoambiwa kwamba mapigo hayaendi sawa inawezekana kabisa yalitokana na ile sukari, ila msiishie kukisia, mzee arudiwe kipimo cha moyo wakati sukari imetulia, kama bado yako vilevile basi kuna kitu kingine cha kutibu.

Usiku ndo kuna hatari zaidi. Watafiti wa Sheffield kule Uingereza walitoa kazi yao mwaka 2014, waliwavalisha watu 25 wenye kisukari cha ukubwani wanaotumia insulini, ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au mambo yanayoongeza hatari ya kuupata, mashine ya kufuatilia sukari na mashine ya kufuatilia moyo kwa wakati mmoja, usiku na mchana. Sukari ilipokuwa inashuka usiku walikuta moyo unapunguza mwendo kupita kiasi na mapigo ya kurukaruka yanaongezeka, na mara nyingi mwenyewe kalala wala hajashtuka. Ndo maana nawaambia watu, kutoamka usiku siyo ushahidi kwamba sukari haikushuka. Shuka lililolowa, ndoto za kukimbizwa, kuamka na kichwa kizito, hivyo vyote mviandike kwenye daftari.

Na kuna utafiti mkubwa zaidi ambao ulibadilisha mawazo ya madaktari dunia nzima, unaitwa ACCORD, wa Marekani na Kanada, watu 10,251. Nusu wakaambiwa tutaibana sukari yenu mpaka kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) kiwe chini ya asilimia 6, nusu wakaachwa kati ya 7 na 7.9. Kila mtu alitegemea waliobanwa ndo watapona zaidi moyo. Februari 2008 ikabidi ile sehemu ya kubana isimamishwe kabla ya wakati, kwa sababu waliokufa upande wa kubanwa walikuwa 257 na upande mwingine 203. Sukari kushuka vibaya ilikuwa nyingi zaidi kwa waliobanwa. Nisikudanganye, haikuthibitika kwamba ndo iliyowaua, lakini waliowahi kushuka vibaya, kundi lolote lile, walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa. Toka hapo hatumbani tena mtu mzima mwenye moyo mbovu kama tunavyombana kijana. Mtu wa umri wa baba yako mwenye magonjwa mawili matatu, kipimo cha miezi mitatu kikiwa chini ya 8 kinatosha, asubuhi kabla ya kula awe kwenye 5 mpaka 8, na kabla ya kulala awe hapo kwenye 6 mpaka 10. Najua ukiambiwa 9 usiku ni sawa unaona kama tunakata tamaa. Hapana, tunaulinda moyo.

Kwanini ilirudi jioni? Hapo ni Daonil. Ndani ya kile kidonge kuna glibenklamidi, kazi yake ni kulikamua kongosho litoe insulini, na inafanya hivo iwe umekula au hujala, na inakaa mwilini hata siku nzima, kama figo zimechoka inakaa zaidi. Sasa ile sukari ya kwenye mshipa inaisha baada ya muda mfupi lakini kidonge bado kiko kazini. Mtu aliyeshuka kwa vidonge hivi hatakiwi kurudishwa nyumbani baada ya kuamka tu, anatakiwa aangaliwe kama siku nzima na apimwe kila baada ya masaa machache. Hilo lingefanyika ile asubuhi msingeipata ile ya jioni. Shirika la Afya Duniani kwenye orodha yake ya dawa muhimu limeweka gliklazidi, dawa ya ukoo uleule, na likaandika kabisa kwamba glibenklamidi haifai kwa mwenye zaidi ya miaka 60. Lakini ni dawa ya bei ndogo na ipo kila duka, kwa hiyo wazee wetu bado wanayo mezani. Nendeni kliniki wiki hii, msisubiri tarehe ya kadi, mkaombe mambo matatu: dawa ibadilishwe au ipunguzwe, figo zipimwe, na daktari aangalie ile atenololi.

Atenololi kwanini? Kwa sababu inauzuia moyo kwenda mbio na inazuia mikono kutetemeka, ambazo ndo dalili mzee angezitumia kujua anashuka. Jasho peke yake hailizuii, na ndo hilo mama alilolishika. Asiiache mwenyewe, tafadhali sana, kuikata ghafla kunaweza kuuletea moyo balaa kubwa kuliko hilo mnalolikimbia, ila nyumba nzima ijue kwamba kwa mzee jasho la baridi maana yake sukari ipimwe sasa hivi. Na jirani msimlaumu, alitaka kusaidia, dua isomwe huku mtu mwingine anakoroga sukari.

SWALI: Dada, mume wangu anatumia insulini. Sukari ikimshuka mama mkwe ananiambia nimpe chai ya maziwa na andazi, wifi anasema chokoleti, mimi sijui. Halafu nitajuaje kama ni sukari au ni moyo maana anatoka jasho na kushika kifua?
Mke wa fundi, Dodoma

JIBU: Mama mkwe na wifi wana nia njema, ila mafuta ya kwenye andazi, maziwa na chokoleti yanaichelewesha sukari kuingia kwenye damu na wewe hapo unahesabu dakika. Mpe sukari tupu, vijiko 3 au 4 vya chai umevikoroga kwenye nusu glasi ya maji, au nusu ya chupa ya soda ya kawaida ya 300, siyo ile isiyo na sukari, au kijiko kikubwa kimoja cha asali. Subiri dakika 15, pima tena, bado iko chini ya 3.9 rudia hivohivo. Ikishapanda ndo sasa andazi la mama mkwe linafaa, au ndizi, au uji, ili isirudi chini. Kitu ninachokiona sana ni watu kwa uoga kumnywesha mtu soda nzima, juisi, na wali juu yake, masaa mawili baadaye yuko kwenye 18, halafu anachoma insulini ya ziada kuishusha na anaanza kuporomoka upya. Huko kupanda na kushuka kunauchosha moyo.

Kama hana fahamu au hawezi kumeza, usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Mlaze kwa ubavu, usimchome insulini, mkimbize hospitali. Na kama mashine haina vijiti na anatoka jasho la baridi huku bado anameza, mpe sukari bila kupima, vijiko vitatu havitamuua lakini 1.9 inaweza.

Sasa hilo la kifua. Jasho, udhaifu, moyo kudunda, vinakuja kwenye sukari kushuka na vinakuja kwenye mshtuko wa moyo, na mwenye kisukari cha siku nyingi anaweza kupata mshtuko wa moyo bila maumivu makali kwa sababu mishipa ya fahamu imeharibika, anakuambia tu kachoka, pumzi hazitoshi, taya au mkono unamuuma. Pima sukari kwanza. Iko chini, mpe sukari. Ikishapanda ikapita 4 na bado anatoka jasho, anahema, kifua kimebana, huo ni moyo mpaka daktari akuambie vingine, ondoka naye. Na kama kifua kinabana sana tangu mwanzo usikae hapo unahesabu dakika 15, sukari mpe mkiwa njiani. Mumeo kushika kifua kila akishuka, hiyo mpeleke akapimwe moyo hata kama saa hizi yuko mzima, kwa sababu kushuka kunaweza kuwa ndo kunaonyesha mishipa iliyoanza kuziba.

SWALI: Assalaam aleykum. Mimi ni mama wa miaka 63, nachoma insulini ya Mixtard asubuhi na jioni, mwaka jana nilipata mshtuko wa moyo nikawekwa kile kibomba cha kuzibua mshipa. Ramadhani iliyopita nilifunga, siku mbili niliishiwa nguvu saa kumi alasiri nikaona aibu kufungua, imebaki kidogo tu. Mwaka huu watoto wananikataza, naumia sana.
Mama wa Mombasa

JIBU: Waaleykum salaam mama. Naelewa unavyoumia, na sitakujibu kama mtu anayekunyang'anya kitu. Ila kwa hali yako, insulini mara mbili, moyo ulishapigwa, na ulishashuka ukiwa umefunga, wewe uko kwenye lile kundi ambalo madaktari wa kisukari wanaliambia lisifunge, na Qur'ani yenyewe kwenye Suratul Baqara imemtaja mgonjwa na kumpa nafasi yake. Ongea na sheikh wako kuhusu kulisha maskini, mwambie na hili la moyo, wengi hawajui mpaka waambiwe.

Kama mtakubaliana na daktari ujaribu, basi siyo kwa kukisia. Muone wiki sita au nane kabla ya mwezi, kwa sababu zile dozi hazibaki vilevile, wengi ya asubuhi kubwa inahamia futari na ya daku inapunguzwa, na hilo apange yeye na siyo shoga yako. Pima sukari mchana, kutoboa kidole hakufunguzi saumu, wanazuoni na madaktari wameshaliongea hilo. Ikiwa chini ya 3.9 unafungua, hata kama adhana ya magharibi imebaki dakika kumi. Ikipita 16 vilevile unafungua. Zile siku mbili ulizoziona aibu mama, moyo wenye kibomba ndani ulikuwa unapigana peke yake.

SWALI: Natumia metformini tu, hakuna kingine. Nami niogope sukari kushuka?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Hapana, metformini peke yake mara chache sana inashusha sukari mpaka chini ya 3.9, labda ukiwa hujala muda mrefu au umekunywa pombe bila chakula, maana pombe inalizuia ini kutoa sukari ya akiba. Wewe kazi yako ni presha, lehemu (mafuta ya kwenye damu) na sigara kama unavuta, ndo vitakavyouumiza moyo wako kwanza.

SWALI: Sista mimi nina 24, kisukari cha insulini tangu nikiwa darasa la sita, naendesha boda. Zamani sukari ikitaka kushuka nilikuwa natetemeka najua, siku hizi sihisi chochote, nashtukia nimeshapita kituo cha abiria au abiria ananipiga mgongoni anadhani nimelewa. Juzi nilipima nikakuta 2.6 na nilikuwa najisikia poa tu. Bi mkubwa sijamwambia.
Boda, Mwanza

JIBU: Mdogo wangu, nimeisoma barua yako mara tatu. 2.6 huku unajisikia poa ndo kitu kinachonitisha kuliko yule anayetetemeka. Ukishuka mara kwa mara mwili unaizoea hali na unaacha kumwaga adrenalini mapema, kwa hiyo kengele hailii mpaka ubongo uwe umeshakosa chakula. Habari njema ni kwamba kwa watu wengi inarudi. Ukikaa wiki kadhaa bila kushuka hata mara moja, dalili zinaanza kurudi. Hapo itabidi ukubali sukari iwe juu kidogo kwa muda, iwe kwenye 7 mpaka 10, na daktari apunguze dozi, mwambie namba hiyohiyo uliyoniambia mimi, usiilainishe.

Angalia na unapochoma. Kama miaka yote ni sehemu ileile ya tumbo, pitisha kidole utasikia uvimbe laini kama wa mafuta, insulini ukiiweka pale siku moja haiingii vizuri na siku nyingine inaingia yote kwa mpigo. Hamisha sehemu, ila ukihamia kwenye nyama nzima dozi ya zamani inaweza kuwa kubwa, kwa hiyo daktari ajue kabla hujahama.

Barabarani usitoke chini ya 5. Ukishuka ukiwa kazini, simama, zima pikipiki, kula sukari, na hata ikishapanda subiri dakika 45 kabla ya kumpakia mtu, kwa sababu akili inachelewa kurudi kuliko namba. Vijiti najua ni hela, hesabu yako ya wiki inaumia, kama huwezi kupima kila safari basi pima kabla ya kuanza kazi, na tena baada ya masaa mawili matatu, na usiku kabla ya kulala. Wiki hii ya mwanzo weka alamu saa tisa usiku upime hata siku mbili, tujue kama na usingizini unashuka, moyo wa kijana nao unaweza kupoteza mapigo sukari ikikaa chini usiku mzima.

Na bi mkubwa mwambie leo. Mwambie na jamaa wawili pale kijiweni, waonyeshe ni mfuko gani wa jaketi unaweka glukosi, wajue kwamba wakikuona unaongea kama mlevi saa tano asubuhi wasikucheke, wachukue ufunguo wa pikipiki kwanza, halafu wafungue mfuko huo.